Tabaka la Meno

Mwalimu Scovia Omanga aliishi na mume wake miaka arobaini na mitatu, na katika miaka yote hiyo, isipokuwa mara moja, hakuna mpiga picha aliyewahi kumnasa Gordon akiwa amefungua mdomo. Si kwamba Gordon alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha wavuvi pale Sindo, na kicheko chake kilisikika kutoka kwenye magunia ya omena hadi kituo cha mafuta. Lakini kila kamera ilipotokeza, Mwalimu Scovia, akiwa kando yake ndani ya gauni lililopigwa pasi, alisema kwa sauti ya chini bila kusogeza midomo, "Funga." Na Gordon akafunga. Ndiyo maana katika picha zote za ukutani, ya harusi, za watoto kuhitimu, ya siku Mwalimu alipopandishwa cheo kuwa naibu wa mkuu wa shule, Gordon alionekana kama mtu anayesubiri kudungwa sindano.

Tatizo lilikuwa meno, yaani yale ambayo hakuwa nayo. Gordon alizaliwa wakati ambapo watoto wengi wa Kijaluo, wavulana kwa wasichana, walikuwa bado wanang'olewa meno sita ya chini ili wahesabiwe kuwa watu wazima. Yake yaling'olewa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Scovia alizaliwa Kadem, upande wa Migori, kwa baba mwinjilisti aliyetangaza kwamba hakuna chuma kitakachoingia kinywani mwa mtoto wake. Kwa hiyo alikua na meno yake yote, moja la chini likiwa limemlalia jirani yake kidogo, akaenda chuo cha ualimu, akarudi na cheti cha kufundisha hesabu, kisha akaolewa Sindo na mwanamume mwenye pengo. Alimpenda, hilo halikuwa na shaka. Ila alimpenda zaidi akiwa amefunga mdomo mbele ya wageni.

Mara tatu alimpeleka kwa daktari wa meno Homa Bay ili apimwe meno ya bandia. Mara ya tatu walifika hadi kwenye benchi la kusubiria.

"Nyar Kadem," Gordon alisema, kwa maana mke kwao huitwa binti wa mahali alikotoka, "mimi niling'olewa meno haya nikiwa mtoto ili niwe mtu mzima. Sasa unataka nirudishiwe nikiwa na wajukuu, ili niwe nani?"

Akacheka hapo hapo kwenye benchi, mdomo wazi, mbele ya wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba, na wao wakacheka pamoja naye ingawa iliwauma. Mwalimu Scovia hakulizungumzia tena jambo hilo hadi mumewe alipokufa. Hapo alipata nafasi ya kulishughulikia bila kubishiwa.

Mwaka wa tano baada ya mazishi, familia iliamua kufanya rapar, siku ya kumkumbuka marehemu, ambapo watu huomba, hula, na kumsifu mtu ambaye hawezi tena kusahihisha sifa zake. Kasisi Mochama angehubiri. Walimu waliosoma chuoni na Mwalimu Scovia wangetoka Kisii na Migori. Wakwe wa watoto wake wangefika, wale wa upande wa Nairobi ambao huangalia nyumba ya mtu kuanzia kwenye geti. Kwenye geti, basi, kulihitajika bango la urefu wa mita mbili lenye sura ya Gordon.

Zile picha za ukutani hazikufaa. Mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, na zilizobaki zilikuwa ndogo mno. Habon, mwanamke wa Kisomali mwenye duka la fotokopi na picha za pasipoti pale senta, alikuza moja kwenye kompyuta, na uso wa Gordon ukageuka vijisanduku vya kahawia kama sakafu ya bafu.

"Mwalimu, hii haiwezi," Habon alisema. "Picha ikiwa ndogo ni ndogo. Ukiivuta inapasuka. Huna ya simu?"

Alikuwa nayo moja. Mpwa wao alikuwa amempiga picha Gordon kisiwani Takawiri, kwenye arusi, bila kuomba ruhusa ya Mwalimu. Ilikuwa picha kubwa, safi, yenye jua upande wa kulia. Gordon alishika chupa ya bia na kucheka kwa mdomo wote, na lile pengo la chini lilikuwa wazi kama mlango wa ghala.

Mwanawe Zablon alimpigia simu kutoka Nairobi. "Mama, nitumie tu hiyo picha, kuna vijana hapa wataitengeneza dakika tano."

"Watatengeneza, kisha waiweke kwenye simu zao waonyeshane," Mwalimu akajibu. "Mambo ya baba yako hayatatengenezwa na watu nisiowajua. Nitatengeneza mwenyewe."

"Mama, wewe?"

"Nimefundisha kipeuo cha pili kwa watu waliosema hawawezi. Na wewe ulikuwa mmoja wao."

Ndivyo mwanamke wa miaka sabini na moja alivyofika dukani kwa Habon siku ya Jumatatu, saa tatu kamili, akiwa amebeba kompyuta kuukuu aliyoachiwa na Zablon, miwani miwili, na daftari jipya lenye jalada la karatasi ya kahawia. Habon alimwonyesha programu ya bure, isiyohitaji kuwekwa kwenye mashine. Unafungua tu intaneti, unaandika jina lake, na karakana nzima inajitandaza mbele yako, pamoja na matangazo ya kamari upande wa kulia. Mwalimu alikata kipande cha karatasi akabandika juu ya matangazo hayo. Kisha akaandika kwenye daftari: Somo la Kwanza, Kukata.

Kukata kulikuwa rahisi, na kulimfurahisha kuliko alivyotarajia. Unavuta mraba juu ya picha, kilicho nje ya mraba kinatoweka. Kwa mkato mmoja chupa ya bia iliondoka, na pamoja nayo mkono ulioishika, mbuzi aliyekuwa nyuma, na shemeji mmoja ambaye hata akiwa hai hakufaa kwenye bango. Mwalimu alijipa alama nane kwa kumi.

Somo la pili lilikuwa mwangaza. Alimwangaza Gordon hadi akafanana na mtu aliyezaliwa Ulaya, akarudi nyuma, akamwangaza tena kwa adabu. Saba kwa kumi. Kwenye somo la tatu alikwama wiki nzima, kwa sababu chombo chenyewe kiliitwa fimbo ya uchawi, na yeye alikuwa katibu wa umoja wa akina mama kanisani.

"Ni jina tu, Mwalimu," Habon alimwambia. "Inachagua rangi zinazofanana. Hakuna jini ndani."

"Mwenye programu angeiita kichagua rangi. Kwa nini akaiita uchawi?"

"Wallahi, mimi Mwislamu natumia kila siku, sijapata kurogwa."

"Wewe hujaandikwa kwenye kumbukumbu za umoja wa akina mama." Akatumia mkasi wa kawaida, akimzunguka Gordon kwa kipanya, nywele kwa nywele. Aliiga lugha ya wanafunzi wake wa zamani na kukitukana kipanya hicho kwa Kijaluo, kimoyomoyo. Baada ya siku tatu za kazi hiyo alifunga ukurasa ili akanywe chai. Aliporudi hakukuwa na kitu.

Habon alimkuta amekaa wima mbele ya kioo kitupu, mikono mapajani.

"Hukuhifadhi?"

"Nilihifadhi picha juzi. Ilikuwa imekamilika nusu."

"Ulihifadhi picha, hukuhifadhi kazi. Sikiliza." Habon akavuta stuli. "Picha ni kama chapati, Mwalimu. Ikishaiva huwezi kuitoa chumvi. Lakini hii faili nyingine, ya kazi, ni kama vitu vyako bado viko mezani: unga hapa, chumvi hapa, mafuta hapa. Kila kitu kwenye tabaka lake. Tabaka ni kama karatasi za plastiki zilizolaliana. Unaona hiki kijicho hapa kando ya kila tabaka? Ukikibonyeza, hilo tabaka linajificha. Ukibonyeza tena, linarudi. Halijafutwa. Weka kila kitu kwenye tabaka lake, halafu hifadhi kazi yote, si picha peke yake."

Mwalimu Scovia aliandika yote, akapiga mstari chini ya neno *tabaka* mara mbili kwa rula. Alijipa sifuri kwa kumi, akaanza upya.

Mdomo aliuacha hadi mwisho. Alikuwa amejifunza chombo cha mhuri, kinachonakili ngozi ya mahali pamoja na kuibandika pengine, na kwa mhuri huo alijaribu kuzalisha meno ya chini kutokana na yale ya juu. Gordon akapata meno yanayoelekea chini pande zote mbili, kama kitana kilichomeza kitana. Akajaribu kufunga midomo yake, na Gordon akatokea amekasirika sana, kama mtu aliyenyimwa chakula kwenye arusi hiyo hiyo. Meno yalihitaji kutoka kwenye mdomo mwingine, uliopigwa kwa jua lile lile, ukiwa wazi kiasi kile kile.

Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya siku ile ile Takawiri. Ilikuwa yake mwenyewe. Mpwa alikuwa amemgeukia ghafla, na yeye alikuwa akicheka, hakumbuki kwa nini. Pengine kwa jambo alilosema Gordon.

Akakata meno yake mwenyewe, sita ya chini, akayaweka kwenye tabaka lake. Akayapunguza kidogo, akayazungusha nyuzi chache, akayatia kivuli. Yakaingia kinywani mwa Gordon kama yaliyokuwa yakisubiri kuitwa. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mbele yake alikuwa mwanamume ambaye yeye alikuwa akimtaka kwa miaka arobaini na mitatu, anacheka mbele za watu na hakuna cha kuonea aibu. Akajipa kumi kwa kumi, alama ambayo hakuwahi kumpa mtoto yeyote, hata wa kwake.

Picha ilipelekwa Migori kwa Faruk, mwenye mashine ya kuchapa mabango, na Alhamisi asubuhi bango lilirudi likiwa limekunjwa kama mkeka. Kufikia saa nne lilikuwa limetundikwa juu ya geti. Majirani waliopita walisifu. Walisema mzee amependeza. Mmoja alisema amekuwa kijana. Hakuna aliyesema anafanana na Gordon, lakini Mwalimu hakuwa amewauliza hilo.

Saa sita, Waya Priscilla akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa dada mkubwa wa Gordon, na waya ni jina watoto wanalomwita shangazi wa upande wa baba, ila kwa umri ule kila mtu pale nyumbani alimwita hivyo. Hakuna sala ambayo ingeanza wala ua ambalo lingewekwa kaburini kabla hajaweka la kwake. Alishika fimbo, akatembea hadi getini, akainua kichwa, akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Waya, karibu. Chai iko tayari."

"Nimeuliza huyu ni nani."

"Ni Gordon."

"Gordon gani?"

Mwalimu Scovia akacheka kidogo, kile kicheko cha kuwaonyesha wapita njia kwamba ni utani wa familia. "Waya, umesahau ndugu yako?"

"Ndugu yangu namjua. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kichwa chake siku ile. Alinikojolea miguuni na hakulia hata kidogo." Waya Priscilla alielekeza fimbo kwenye bango. "Huyu hajang'olewa. Tulizika mtu mzima, wewe umetuletea mtoto mwenye mvi. Zamani mtu akifa na meno hayo, yalitolewa kwanza ndipo azikwe. Sasa wewe umeyarudisha. Unataka tumfukue?"

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka ufuoni na mabeseni kichwani walipunguza mwendo. Wa tatu akasimama kabisa, akajifanya anafunga leso.

"Ni picha tu, Waya," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Kuna wageni wanakuja. Wasomi. Tuingie ndani tuzungumze."

"Sipiti chini ya mtu nisiyemjua." Waya akasogea karibu zaidi, akakaza macho. "Na hili moja lililolala... Hebu ngoja. Nyar Kadem, hebu cheka."

"Waya, tafadhali."

"Cheka nione."

Mwalimu Scovia Omanga, naibu wa mkuu wa shule mstaafu, akafunga mdomo.

"Nilijua," Waya Priscilla alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Alipokuwa hai ulimnyamazisha. Sasa unacheka kwa mdomo wake." Akafungua wake mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwonyesha daktari. Chini palikuwa na pengo lile lile, la meno sita, safi, lililong'olewa msimu mmoja na la ndugu yake. "Kama hili ni aibu, mbona mimi umeniwekea kiti cha mbele?"

Akakalia begi lake nje ya geti, akageuzia bango mgongo. Chai ililetwa nje, akainywa. Chakula kililetwa nje, akala. Jioni binti wa jirani alimpa kitanda. Kufikia Ijumaa asubuhi senta nzima ilijua kwamba dada wa marehemu analala kwa majirani, na kwamba Jumamosi watakumbuka mtu ambaye dada yake hamjui. Jina ambalo Mwalimu alikuwa akililinda kwa gauni la pasi na sauti ya chini lilikuwa sasa kwenye kila kibanda cha maandazi.

Alifika kwa Habon kabla hajafungua. Hakueleza, na Habon, ambaye alikuwa amesikia habari hiyo kutoka kwa watu wanne, hakuuliza. Wakafungua faili ya kazi. Matabaka yote yalikuwepo: mandhari, mwili, uso, kivuli. Juu kabisa lilikuwa tabaka aliloliandika kwa herufi safi za mwalimu, MENO, na kando yake kile kijicho kidogo.

Akakibonyeza.

Hakuna kingine kilichobadilika, wala rangi wala jua. Ila Gordon akarudi. Alikuja mara moja, na pengo lake, na kile alichokuwa amekisema siku ile Takawiri kikiwa bado mdomoni, na Mwalimu Scovia akajikuta amekumbuka ni kitu gani. Kilimhusu yeye na kofia yake. Hakikuwa cha adabu. Akafunika mdomo kwa mkono, kwa mazoea, kisha akautoa.

"Tuchape upya," alisema.

Habon alipiga simu Migori. Faruk alijibu kwamba foleni ni hadi Jumatatu.

"Basi tumpake wino mweusi kwa kalamu ile ya kuandikia magunia," Habon akapendekeza.

"Mume wangu haandikwi kama gunia." Mwalimu alikuwa tayari ameshika penseli. Bango lina sentimita mia mbili, picha ina vipimo hivi, kwa hiyo mdomo ni sentimita thelathini na tatu kwa kumi na tisa. Unatosha kwenye karatasi ya A3. "Chapa mdomo peke yake. Nitaubandika juu."

Hesabu ilikuwa sahihi hadi milimita. Akiwa juu ya ngazi, mbele ya wapita njia ambao safari hii hawakujifanya wanafunga leso, aliupachika mdomo wa Gordon mahali pake, na kutoka mita tatu mtu asingeona mpaka. Waya Priscilla alikuja akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye," alisema. Akapita chini ya geti, akauliza chakula cha jioni ni nini.

Kwa hiyo Jumamosi ilienda kama ilivyopangwa. Viti vya mbele vikajaa, wakwe wa Nairobi wakalitazama geti na kuridhika, walimu wa chuoni wakaketi pamoja. Waya akaweka ua la kwanza. Kasisi Mochama akaanza kuhubiri saa nane, na hiyo ndiyo saa upepo wa ziwani hupanda kuelekea nyumba za Sindo, jambo ambalo Mwalimu alilijua tangu alipoolewa. Alichokuwa hajui, maana hakikuwa kwenye masomo, ni kwamba gundi ya wanafunzi haishiki vizuri kwenye plastiki.

Upande wa chini wa karatasi ukabanduka. Upepo ukaiinua, na chini yake yakatokea meno sita, moja limelala. Upepo ukatulia, pengo likarudi. Ukapuliza tena, meno. Juu ya geti, kwa ukubwa wa mita mbili, Gordon Omanga alikuwa akifungua na kufunga mdomo wake huku Kasisi akisema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache.

Mwalimu mmoja wa Kisii akakohoa. Mkwe wa Nairobi akatazama viatu vyake, mabega yakitikisika. Kasisi alifuata macho ya watu, akageuka, akasahau aya aliyokuwa akiisoma. Zablon akainuka kukimbilia ngazi.

"Keti," mama yake akamwambia.

"Mama, watu wanaona."

"Keti chini, Zablon. Baba yako bado anaongea."

Kando yake Waya Priscilla alikuwa ameanza, kile kicheko cha ukoo wao kinachofika kituo cha mafuta, na mpiga picha aliyeletwa na wakwe akawageukia wanawake hao wawili wa kiti cha mbele. Mwalimu Scovia aliiona kamera ikija. Kwa miaka mingi alikuwa akijua la kufanya kamera ikija. Safari hii alichelewa, na picha ikawakuta wote wawili, mdomo wazi, mmoja ana meno na mwingine hana.

Picha hiyo ni kubwa na safi, inaweza kukuzwa hadi ukubwa wowote. Iko kwenye kompyuta ya Mwalimu, ndani ya faili yake, na mpaka leo ina tabaka moja tu. Daftari la kahawia lina ukurasa mmoja zaidi, wa tarehe ya Jumapili iliyofuata: Kukata, 8. Mwangaza, 7. Tabaka, 9. Hesabu ya mdomo, 10. Gundi, 2.